Fukusi na mabawa yake: yamekunjuka au yamekunjuliwa?

Picha iliyotwaa nafasi ya kwanza katika shindano la Nikon Small World mwaka wa 2025 ni ya fukusi. Naam, fukusi yule yule ambaye mama zetu humpepeta kwa ungo kabla ya mahindi kupelekwa kusagwa, na ambaye hakuna mtu huku kwetu aliyewahi kumwita mrembo. Aliyempiga picha ni Zhang You wa Uchina. Mdudu yuko juu ya punje moja ya mchele, pua ndefu mbele, mabawa mepesi yamefunguka pande zote mbili za mwili.

Shindano hilo limekuwapo tangu 1975. Hupokea picha zilizopigwa kupitia hadubini ya mwanga, yaani ile ya lenzi za kioo tuliyoiona maabarani shuleni, wala si ile ya elektroni inayopatikana katika taasisi chache kubwa. Waamuzi huangalia mambo manne: upya wa wazo, habari iliyomo, ustadi wa kiufundi na mvuto wa picha machoni. Hilo la nne ndilo husifiwa kila mwaka. Mimi leo nataka tulizungumzie la pili, kwa sababu hapo ndipo lugha inapoingia. Picha ya hadubini haijielezi. Ukionyeshwa moja bila neno lolote, huenda usijue kama unatazama jani, ubongo wa panya au povu la sabuni. Ndiyo maana anayeshiriki hutakiwa aseme alichokipiga ni nini, alitumia mbinu gani na lenzi yake ilikuza kiasi gani. Maelezo hayo ni sehemu ya kazi inayoshindanishwa. Ningesema ni nusu yake, ingawa wapiga picha watanirukia.

Mwalimu mmoja wa biolojia anayefundisha Kabazi, katika kaunti ndogo ya Subukia, Nakuru, aliisoma habari ya fukusi huyo akaniandikia kwamba wadudu hao yeye anao gunia zima. Alichukua punje ya mahindi kutoka ghalani kwake, akaiweka kwenye hadubini ya shule, akaishikilia simu pale mtu anapowekea jicho, na baada ya kujaribu weee, akapata picha anayokusudia kuituma kabla ya makataa ya mwisho wa Aprili. Kisha akafanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: aliandika maelezo yake kwa Kiswahili kwanza, akaniomba niyapitie bila huruma. Kwa ruhusa yake nayanukuu yalivyo:

“Mdudu chini ya darubini nyepesi, amekuzwa mara 400.”

Maneno ni machache, lakini karibu kila moja linatulazimisha kusimama.

Tuanze na darubini. Hiki ni chombo cha kuonea mbali, na jina lake linasema hivyo. Katika Kiajemi, na katika Kiurdu kilicholirithi neno hilo, dur ni mbali na bin ni kuona. Chombo cha kuonea vitu vidogo wao hukiita khurdbin, khurd ikiwa na maana ya dogo. Mpe Mswahili neno hilo alitamke: kh italainika iwe h, r itamezwa, konsonanti zilizobanana zitatenganishwa kwa irabu, na mwisho wa neno utapata irabu yake. Hiyo ndiyo hadubini. Kwa sauti na kwa maana, hadubini na darubini ni ndugu wa tumbo moja, mmoja akitazama mbali na mwenzake akitazama karibu. Kamusi ya Kiswahili Sanifu inawatenganisha. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali nchini Tanzania, anayesoma sayansi kwa Kiswahili, anawatenganisha pia.

Sisi Wakenya ndio tuliowachanganya, na katika hilo simlaumu mwalimu. Mwanafunzi wetu hufundishwa sayansi kwa Kiingereza kuanzia gredi ya nne hadi chuo kikuu. Hadubini huenda akakutana nayo mara moja tu, katika orodha ya msamiati, siku ya mtihani wa Kiswahili. Ninaowalaumu ni sisi tunaoandika magazetini. Kila wiki hakukosi mwanasiasa “aliyewekwa chini ya darubini”. Jamani, chini ya darubini mtu huwekwa vipi? Darubini huelekezwa kwa aliye mlima wa pili! Msemo wenyewe tumeuchukua kwa Waingereza, na hata katika kuuchukua tumebeba chombo sicho. Katika siasa kosa hilo halimdhuru mtu. Katika maelezo ya picha ya sayansi linadhuru, maana mfasiri mwaminifu akiyahamisha maelezo ya mwalimu yalivyo, waamuzi watasoma kwamba mdudu wa Kabazi alipigwa picha kwa chombo cha kutazamia mwezi.

Nyepesi je? Hili najua linakotoka. Kiingereza kina neno moja kwa mwanga na kwa wepesi, na mashine za kutafsiri hazina mkono wa kupimia uzito, basi hutoa “hadubini nyepesi” bila kusita. Hadubini ya shule si nyepesi. Ipandishe ngazi mbili uone. Tuseme hadubini ya mwanga. Wako wanaopendelea hadubini ya nuru, nami sina ugomvi nao, ila nuru kwa masikio yangu imekaa zaidi upande wa dini na ushairi, ilhali mwanga ndilo neno la fizikia: kasi ya mwanga, mawimbi ya mwanga. Watu wa Pwani watacheka, kwa kuwa kwao mwanga ni mchawi wa usiku vilevile. Na wacheke.

Tunakuja kwenye “amekuzwa mara 400”, na hapa kosa la lugha na kosa la sayansi yamefungana. Katika Kiswahili tunakuza watoto, tunakuza mifugo, tunakuza lugha. Fukusi aliyekuzwa ni fukusi aliyefugwa hadi akanenepa. Kilichokuzwa na lenzi ni picha, si mdudu. Mdudu alibaki na milimita zake tatu hivi kabla na baada. Isitoshe, mtu akituambia kwamba fulani anakuza mambo, tunajua anayatia chumvi. Ndicho kilichotokea kwa hiyo 400.

Hadubini nyingi za shule zina lenzi ya juu inayokuza mara 10 na lenzi tatu za chini: ya mara 4, ya mara 10 na ya mara 40. Zidisha, upate 40, 100 na 400. Mwalimu aliiandika namba kubwa kuliko zote, labda kwa kuwa inasikika vizuri. Lakini picha yenyewe inamkana. Lenzi ya mara 40, katika hadubini ya namna hiyo, huonyesha eneo lisilofika nusu milimita kwa upana. Hapo fukusi mzima hatoshi. Utapata kipande cha mguu. Lenzi hiyo pia hukaa karibu mno na kinachotazamwa, pengo likiwa chini ya milimita moja, kwa hiyo punje ya mahindi haiwezi hata kupenya. Picha aliyonitumia inaonyesha kichwa cha mdudu, pua, miguu ya mbele na sehemu nzuri ya punje. Hiyo ni kazi ya lenzi ya mara 4. Nilipomuuliza akakubali kwamba aliyotumia ni ile fupi kuliko zote.

Kuna tofauti hapa ambayo Kiswahili kinaibeba bila taabu, kama tungekitumia. Kukuza ni kitu kimoja, kupambanua ni kingine. Unaweza kuikuza picha ya gazeti hadi ijae ukuta na usipate kuona unywele mmoja zaidi ya ulioonekana mwanzo. Ernst Abbe, mwanafizikia wa Jena, Ujerumani, alionyesha mwaka wa 1873 kwamba mwanga wenyewe unaweka mpaka: nukta mbili zilizokaribiana kupita takriban nusu ya urefu wa wimbi la mwanga huonekana kama nukta moja, hata lenzi iwe nzuri namna gani. Kwa mwanga tunaouona, mpaka huo ni kama sehemu mbili za kumi za maikromita. Wataalamu wamebuni njia za kuuzunguka, lakini si kwa hadubini ya shule. Kwa hiyo anayejigamba kwa mara elfu moja bila kusema alipambanua nini hajatuambia kitu. Nikon wenyewe, wanapochapisha picha zilizoshinda, hutaja ukuzaji wa lenzi ya chini peke yake. Mwalimu aandike “lenzi ya mara 4”, kisha aongeze mstari wa kipimo: apige picha ya rula ya plastiki kwa lenzi ile ile na simu pale pale, ajue milimita moja ni ndefu kiasi gani, auchore mstari huo pembeni mwa picha. Mstari huo hautabadilika maana hata picha ikichapishwa ukubwa wa stempu au wa mlango.

Limebaki neno la kwanza, mdudu. Mdudu ni nani? Nzi ni mdudu, kupe kwa lugha ya nyumbani ni mdudu, na kirusi cha kompyuta siku hizi nacho kimepewa ududu. Ghalani Kabazi watu husema “wadudu” basi, na wanaelewana, maana wanamwona. Mtu wa mbali haelewi. Wakulima wenyewe wakibanwa kidogo hupambanua: kuna fukusi, na kuna yule waliyembandika jina la Osama, anayeigeuza punje kuwa unga mtupu. Tanzania humwita dumuzi, na wakulima huko walishamwita Scania. Osama ni mgeni aliyetoka Amerika ya Kati akaingia kwetu kupitia Tanzania, alikofika mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwili wake ni kama kipande cha penseli na kichwa kimefichwa chini ya kifua. Pua ndefu hana. Kwa hiyo pua iliyomo katika picha ya mwalimu inatosha kumwita huyu fukusi.

Je, inatosha kumwita fukusi wa mahindi? Hapana, na hapa namwomba mwalimu ajizuie. Fukusi wa mahindi, Sitophilus zeamais, na fukusi wa mchele, Sitophilus oryzae, wanafanana kiasi kwamba wataalamu huwapasua na kukagua viungo vya uzazi ndipo waseme kwa uhakika. Wote wawili hula mahindi, wote hula mchele. Majina yametokana na chakula, na chakula si ushahidi. Aandike “fukusi wa jenasi ya Sitophilus” na aishie hapo. Mwamuzi anayejua wadudu atamheshimu kwa kile ambacho hakukisema.

Nikigusa mchele siwezi kupita bila kusema neno. Kiingereza kina neno moja kwa kilichoko shambani, kilichoko dukani na kilichoko sahanini. Sisi tuna mpunga, mchele na wali. Anayetaka kuyaandika maelezo ya picha ya Zhang kwa Kiswahili hawezi kuyaelea tu maneno ya Kiingereza. Atalazimika kurudi kwenye picha na kuangalia kama punje ina ganda au haina. Lugha imemtuma kazi ya mwanasayansi.

Na sasa mabawa, ambayo ndiyo yaliyonifanya niichukue kalamu. Zhang alieleza kwamba alikuwa amewahi kuwaona fukusi katika nafaka, lakini kamwe hajamwona mmoja aliyefungua mabawa. Huyu alimkuta dirishani, amekufa na kukauka hivyo hivyo, mabawa nje. Kumfungua mdudu mdogo namna hiyo kwa mkono ni kazi ngumu mno. Thamani ya picha, kwa upande wa habari, imekaa hapo: hakuna aliyeyafungua. Maelezo ya Kiingereza yanayosema mdudu yuko juu ya punje na mabawa yake yamekuwa wazi hayatuambii kama yalifunguka au yalifunguliwa. Inabidi aongezewe sentensi ya pili.

Kiswahili kinalisema hilo ndani ya kitenzi kimoja. Bawa la fukusi hukaa limekunjwa chini ya gamba gumu la mgongoni. Kunja, kauli ya kutendua ikatupa kunjua. Kutoka hapo njia zinagawanyika: mabawa yamekunjuliwa, basi kuna mkono wa mtu na pengine koleo na sindano, mabawa yamekunjuka, basi yametokea yenyewe. Tofauti ni silabi moja, na silabi hiyo ndiyo inayotenganisha kitu kilichokutwa na kitu kilichotengenezwa. Vivyo hivyo mdudu amesimama au amesimamishwa. Amekaa juu ya punje, au ameketishwa? Mdudu aliyekufa dirishani hasimami juu ya punje kwa hiari yake, na mimi ningependa maelezo yawe na kauli ya kutendwa mahali hapo. Siiti picha hiyo ya uongo. Nasema inatutaka tuamini kwamba mdudu ametua hivi punde au anakaribia kuruka, na kitenzi kilichochaguliwa vizuri kingeturudisha chini bila kuuharibu uzuri wake.

Mwenzangu mmoja anayefundisha sayansi alinisikiliza nikieleza haya akaniuliza: waamuzi hawasomi Kiswahili, fomu ni ya Kiingereza, na huyo mwalimu alisomea biolojia kwa Kiingereza. Faida iko wapi? Swali lake ni halali, na jibu la kwamba Kiswahili ni lugha yetu halitoshi. Kiingereza cha mwalimu huyu ni cha kitabuni. Ndani yake anajua sehemu zote za hadubini, lakini hakuwahi kwa lugha hiyo kusimama ghalani akakasirikia mdudu. Kiswahili chake kimesimama ghalani lakini hakikuwahi kuingia maabarani. Alipoandika “mdudu chini ya darubini nyepesi” alikuwa anakiingiza kwa mara ya kwanza, na kikajikwaa mlangoni. Kikishazoea, kitamletea mambo ambayo Kiingereza chake hakinayo. Kitenzi kimoja tu nitakitaja: kubungua. Punje iliyobunguliwa haikutobolewa tu. Imetobolewa na mdudu, kwa kuliwa, na utupu umebaki ndani. Akitoka hapo akatafuta namna ya kulisema hilo kwa Kiingereza, atalazimika kulieleza, na kueleza ndiko fomu inakotaka.

Wala jambo hili si geni. Antonie van Leeuwenhoek wa Delft, Uholanzi, alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa. Kilatini, lugha ya wasomi wa wakati wake, hakukijua, na Kiingereza hakukijua. Kuanzia 1673 aliandika barua kwa Royal Society ya London kwa Kiholanzi cha sokoni, na ni wao waliohangaika kuzifasiri. Viumbe alivyoviona katika tone la maji aliviita kwa neno la kwao lenye maana ya vijinyama, kama sisi tunavyosema vijidudu. Miongoni mwa aliowachunguza baadaye ni fukusi wa ghala. Wakati huo wengi waliamini kwamba wadudu hao huzalika kutokana na ngano yenyewe, kama kutu katika chuma. Yeye alionyesha kwamba hutoka katika mayai yanayotagwa na fukusi wengine.

Hadithi hiyo ni ya karne ya 17, lakini nenda ghala lolote la Bonde la Ufa mwezi wa tatu usikilize: mahindi yaliingia mazima, wadudu wametoka wapi? Jibu limo katika picha mbili ninazozijadili. Fukusi jike hutoboa punje kwa pua yake, hutaga yai, huliziba tundu kwa ute. Punje huonekana nzima kabisa. Buu hula ndani kwa ndani, hugeuka mdudu kamili, kisha hujibungulia njia ya kutokea. Na fukusi wa mahindi huruka: huyafuata mahindi yakiwa bado yamesimama shambani yakikauka, hutaga huko, na mkulima huyabeba mayai nyumbani kwa mkono wake mwenyewe. Mabawa ya fukusi, kwa mtu wa Kabazi, si pambo. Ndiyo yanayoeleza kwa nini kuyapulizia magunia dawa peke yake hakumalizi shida, na kwa nini kuchelewesha mavuno kunagharimu.

Kwa hiyo maelezo ya mwalimu yana msomaji wa pili ambaye Nikon hawamjui. Ni jirani yake. Picha hiyo ikibandikwa ukutani pale wakulima wanapokutana, na chini yake pawe na Kiswahili kilichonyooka, itafanya kazi ambayo tuzo haiwezi kuifanya. Ndiyo sababu nimemsumbua kwa kila neno.

Picha yake ni nzuri? Nitasema ukweli. Kwa ustadi wa kiufundi haifiki karibu na ya Zhang. Jaribio la kwanza mwanga ulitoka chini, kama hadubini za shule zinavyotaka, na kwa kuwa mwili wa fukusi haupitishi mwanga, alipata kivuli cheusi chenye miguu. Ndipo akamulika kutoka kando kwa kurunzi ya simu ya pili. Akili hiyo naipenda. Lakini lenzi huona safu nyembamba tu kwa wakati mmoja, basi pua iko wazi na macho yamefifia. Zhang aliikwepa shida hiyo kwa kupiga picha nyingi, kila moja ikilenga kina chake, kisha akaziunganisha kuwa moja. Wengine hukuita huko kurundika picha. Neno hilo silipendi, rundo ni la takataka. Tuseme kuunganisha tabaka. Zipo programu za bure za kompyuta zinazoifanya kazi hiyo, na mwalimu bado ana muda.

Kwa habari iliyomo, hata hivyo, nampa yeye. Katika picha ya Zhang punje ni jukwaa, na fukusi ni mchezaji juu yake. Katika ya mwalimu punje ni nyumba iliyovunjwa. Kuna tundu, kuna vumbi la unga kwenye ukingo wake, na kuna mwenye kulifanya tundu. Mtu asiyejua lolote kuhusu mahindi akiitazama ataelewa kwamba kitu fulani kimeliwa.

Ameniuliza pia apige nini siku nyingine, kama vile mimi ni mtu wa maabara. Nimemwambia Nakuru haijakosa. Heroe wa ziwani, tunaowaita flamingo, wamepigwa picha hadi wamechoka, lakini mwani wanaoula, ule wa Arthrospira uliojisokota kama springi, hauonekani bila hadubini. Na Kariandusi, karibu na Gilgil, kuna ule udongo mweupe unaochimbwa, ambao ukiuchunguza ni magamba ya diatomu waliokufa zamani za kale, yametengenezwa kwa silika. Unga wa magamba hayo ukichanganywa na nafaka hukwangua nta iliyo juu ya ngozi ya fukusi, mdudu akakauka na kufa. Diatomu na fukusi katika picha moja: hapo lenzi ya mara 40 itapata kazi ya halali, angalau kwa diatomu.

Tumeandikiana mara nne hadi kuyafikisha maelezo mahali ambapo sote tumeridhika. Kilichotuchelewesha mwisho kilikuwa kitenzi kimoja. Yeye aliandika “akitoka tunduni”. Nikamuuliza kama alimwona akitoka. Akasema alimtazama karibu nusu saa. Mdudu alitoa kichwa, akakaa, akarudi ndani. Basi hakutoka. “Anachungulia” ni tamu lakini linampa mdudu nia ambayo hatuijui. Tumekubaliana hivi, na tafsiri ya Kiingereza ataifanya mwenyewe:

“Fukusi wa jenasi ya Sitophilus, akiwa hai, ametokeza kichwa katika tundu lililobunguliwa kwenye punje ya mahindi ya ghalani. Kabazi, Nakuru, Kenya. Hadubini ya mwanga, lenzi ya mara 4, kurunzi kutoka kando. Picha moja iliyopigwa kwa simu, haikuongezwa rangi. Mstari: milimita 1.”